Uwanja wa mbio Lubumbashi: pesa huzama wapi kabla lami haijamwagwa

Swali la kwanza tunaloulizwa karibu kila mara ni hili: kilomita moja ya uwanja wa mbio ni dola ngapi? Tungependa kuwa na jibu la sentensi moja. Lakini kilomita moja juu ya mwinuko wa changarawe upande wa barabara ya Likasi na kilomita moja ndani ya dembo, bonde linalokusanya maji ya mvua, ni kazi mbili zisizofanana hata kidogo. Bei ya lami, au gudro kama tunavyoiita hapa mjini, unaweza kupewa kwa simu. Kinachokausha mfuko ni vitu vitatu ambavyo havionekani kwenye picha nzuri za kompyuta: maji, udongo wa chini, na ardhi tupu inayopaswa kuachwa kando ya njia.

Hapa tunaeleza kazi yenyewe kwa vipimo, ili siku ukiletewa hesabu ya bei na mkandarasi yeyote, sisi au mwingine, ujue kila mstari unalipia nini, na zaidi ya hapo, ujue mstari gani umeachwa.

Anza na mwendo, siyo na urefu

Unataka nini kikimbie humo? Karti (vile vigari vidogo vya mbio vya wazi), pikipiki za kuruka vilima vya udongo, au magari? Jibu hilo ndilo linaloamua ukubwa wa kiwanja, kwa sababu umbali wa kusimama hukua haraka kuliko mwendo. Gari lenye breki nzuri juu ya lami kavu, likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, husimama baada ya mita kama 31 tangu breki zikamate. Likiwa kwenye 160, mara mbili tu ya mwendo ule, linataka mita kama 126, yaani mara nne. Na hiyo ni juu ya lami. Likitoka nje likaingia kwenye majani yenye umande, halisimami mapema hivyo.

Kwa hiyo mwenye hekta 5 anaweza kujenga uwanja mzuri wa karti wa kilomita 1, upana mita 8, akabaki na nafasi ya karakana na maegesho. Akitaka magari yakimbie kwa kasi yao halisi, kwenye njia ya kilomita 2.5 yenye upana wa mita 10, aanze kutafuta hekta 30 hadi 40. Wengi hununua hekta 10 kwa ndoto ya magari. Kiwanja cha aina hiyo ni kikubwa mno kwa karti na ni kidogo mno kwa magari, na mwishowe mtu hubana kona karibu na ukuta. Hapo ndipo watu huumia.

FIA, shirikisho la kimataifa la magari, hugawa viwanja vya mbio katika madaraja 6. Daraja la 1 ndilo la Formula 1, na huko njia mpya haipaswi kuwa chini ya kilomita 3.5 kwa urefu na mita 12 kwa upana. Rais Kagame alipotangaza mjini Kigali, Desemba 2024, kwamba Rwanda inaomba kuandaa Formula 1, alikuwa anasema habari za daraja hilo, ambalo ni mfuko wa taifa. Uwanja wa Kyalami kule Afrika Kusini, uliofunguliwa mwaka 1961, uliuzwa kwa mnada mwaka 2014 kwa randi milioni 205, na huo ulikuwa umeshajengwa. Mtu binafsi wa Lubumbashi asijipime na hao. Ajipime na mvua ya Februari.

Mfano wetu hapa chini utakuwa wa karti: kilomita 1 kwa mita 8. Hiyo ndiyo kazi inayowezekana kwa mtu mmoja au kampuni ndogo, na kanuni zake ni zilezile za njia kubwa zaidi.

Kiwanja: karatasi, dembo na kichuguu

Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ya Kongo ni mali ya Dola. Wewe unapata konsesyo, yaani haki ya kuitumia, na kinachoithibitisha ni cheti cha uandikishaji. Karatasi ya chifu ni mwanzo wa safari, siyo mwisho wake. Hapa Katanga kuna hatua moja zaidi ambayo watu huiruka: kadasta ya madini, CAMI, ofisi inayotunza kumbukumbu za vibali vya madini. Haki ya kutumia uso wa ardhi na haki ya madini yaliyo chini ni vitu viwili tofauti, na kiwanja chenye cheti kamili kinaweza kuwa ndani ya eneo la kibali cha utafutaji au uchimbaji cha kampuni fulani. Peleka vipimo vya GPS vya pembe zote za kiwanja, uulize kabla ya kulipa. Kumwaga tani 1,700 za lami juu ya ardhi ambayo mwingine ana haki ya kuichimba ni hasara isiyo na dawa. Tathmini ya athari kwa mazingira nayo hupitia Agence Congolaise de l'Environnement, wakala wa mazingira wa Kongo, hivyo iwekee muda wake kwenye ratiba mapema.

Sasa udongo. Mtu akienda kuangalia viwanja mwezi wa Agosti, kitakachomvutia ni dembo: tambarare, haina miti, majani mafupi, bei nafuu, tingatinga litamaliza siku mbili. Arudi Februari aone. Dembo ni bonde ambalo maji ya mvua hujikusanya na kukaa; udongo wake ni mfinyanzi mweusi au wa kijivu, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Lami iliyolala juu yake hupanda na kushuka kila mwaka, na baada ya misimu miwili ina nyufa ndefu zinazofuata kingo za njia. Unaweza kujenga kwenye dembo, ndiyo, kwa kutoa mita moja au zaidi ya udongo na kuleta mwingine. Ukipiga hesabu ya malori, unakuta mwinuko uliokuwa ghali ungekuwa nafuu.

Kwenye mwinuko adui ni kichuguu. Vichuguu vya miombo ya huku si vile vidogo vya bustanini. Kimoja kinaweza kuwa na kipenyo cha mita 15, na hekta moja hubeba vitatu, vinne au vitano. Chukua kimoja cha kipenyo hicho chenye kimo cha mita 5: ni karibu mita za ujazo 295. Udongo ukichimbwa hufura kwa takriban asilimia 30, kwa hiyo ni kama safari 24 za lori la mita za ujazo 16. Kichuguu kimoja tu. Kosa tunalolikuta mara nyingi ni kukikata usawa wa ardhi na kuendelea, kwa sababu kwa macho kimekwisha. Chini yake bado kuna mfinyanzi laini na matundu ya mchwa, na njia hubonyea hapohapo, duara la mita kumi na kitu, kana kwamba mtu amekaa juu yake. Lazima uchimbe zaidi, mita 1 hadi 1.5 chini ya usawa wa ardhi, kisha ujaze kwa tabaka za sentimita 20, kila moja ishindiliwe yenyewe. Jambo jema ni kwamba wachoma matofali wanaupenda udongo huo. Panga nao mapema waje kuchukua, utapunguza safari za malori yako.

Tabaka, na hesabu yake

Lami ni ngozi. Mwili uko chini. Kwa uwanja wa karti tunapendekeza, juu ya ardhi iliyosawazishwa na kushindiliwa, sentimita 20 za lateriti nzuri, ule udongo mwekundu wenye changarawe, juu yake sentimita 15 za kokoto zilizosagwa za kuanzia unga hadi milimita 31.5, kisha lami kwa tabaka mbili, sentimita 5 na sentimita 4. Tabaka za chini ziwe na upana wa mita 9, siyo 8, yaani nusu mita zaidi kila upande. Mkandarasi anayetaka kushinda kwa bei hukata nusu mita hiyo kwanza, kwa kuwa haionekani. Kingo za lami zikikosa kitu cha kuzibeba, humeguka kama mkate mkavu siku karti au gari la huduma litakapopita pembeni.

Lateriti: mita 1,000 kwa 9 kwa 0.20 ni mita za ujazo 1,800 zikiwa zimeshindiliwa. Kabla ya kushindiliwa ni kama 2,340, yaani safari 146 za lori la mita 16. Machimbo yakiwa kilomita 10 mbali zaidi ya ulivyodhani, umeongeza kilomita 2,920 za lori, kwenda na kurudi, kwa tabaka hilo moja. Ndiyo maana sisi hutafuta machimbo kabla ya kuandika bei yoyote.

Kokoto: mita za ujazo 1,350, karibu tani 2,970.

Lami: mita mraba 8,000 kwa unene wa sentimita 9 ni mita za ujazo 720, na kwa uzito wa tani 2.4 kila moja ni tani 1,728. Kila sentimita unayoongeza au kupunguza ni tani 192. Kila dola 10 inayopanda kwenye bei ya tani moja ni dola 17,280 kwako. Ukiona hesabu ya bei isiyotaja unene wa lami baada ya kushindiliwa, irudishe.

Ndani ya tani hizo, bitumeni yenyewe, ile gundi nyeusi inayoshika kokoto, ni kama asilimia 5.5, tani 95. Inaingia kwa barabara kupitia Kasumbalesa, na foleni ya mpakani haijui ratiba yako. Kwa kazi ya ukubwa huu mapipa ni salama kuliko lori la tangi, kwa kuwa tangi lazima lipashwe moto wakati linakungoja; hesabu takriban mapipa 500. Kupasha kokoto na kuchanganya hula lita 6 hadi 8 za mafuta kwa tani, kwa hiyo weka lita 12,000 pembeni.

Na maji ya kushindilia! Watu hushangaa kuyaona kwenye bei. Lateriti haishikani ikiwa kavu. Inataka unyevu wa karibu asilimia 10, kutegemea jibu la maabara. Mwezi wa Julai inatoka machimboni na asilimia 3 hivi. Tofauti hiyo ni lita kama 130 kwa kila mita ya ujazo, na kwa mita 1,800 ni zaidi ya lita 230,000, yaani matangi 23 au 24 ya lita 10,000, bila kuhesabu yanayokaushwa na upepo. Mtambo wa kushindilia ukipita mara 20 juu ya udongo mkavu, unapata vumbi gumu juu na ulegevu chini. Ukaguzi wa tabaka hii ni wa maabara, kwa kipimo cha asilimia 95 ya msongamano wa Proctor, yaani msongamano wa juu ambao udongo huohuo hufikia kwenye jaribio la maabara, siyo wa kukanyaga kwa kisigino.

Maji ya mvua

Tungekuwa na ruhusa ya kumfundisha mteja jambo moja tu, lingekuwa hili. Barabara ya kawaida ina mgongo katikati, maji yanakwenda pande zote mbili. Njia ya mbio haina mgongo, kwa sababu mgongo humtupa dereva anapobadilisha upande. Inalala upande mmoja: kwenye sehemu iliyonyooka mlalo wa asilimia 1.5 hadi 3, na kwenye kona inalalia ndani, kwa wastani zaidi kidogo.

Sasa fikiria kona ya kushoto inayofuatwa na kona ya kulia. Kwenye ya kwanza lami inalalia kushoto, kwenye ya pili inalalia kulia. Katikati yao ni lazima kuwe na mahali ambapo hailalii popote. Asilimia sifuri. Kama mahali hapo pia njia haipandi wala kushuka, maji hayana pa kwenda. Yatakaa hapo, milimita 5 tu, na dereva atayafikia akiwa anaanza kugeuza usukani. Hata jua likitoka, maji hayo yataingia polepole kwenye vitundu vya lami na kuifungua kutoka juu. Karibu kila shimo la kwanza la uwanja mpya hutokea mahali pa aina hii.

Dawa yake ni ya mchoro, haiongezi gharama ya maana ikifikiriwa mapema: palipo na sifuri ya pembeni, weka mteremko wa mbele usiopungua asilimia 0.5, bora ufike 1. Ikifikiriwa baada ya lami, ni kukwangua na kurudia. Kabla ya kupokea kazi kutoka kwa mkandarasi, mwambie alete rula ya chuma ya mita 3 na tangi la maji. Lowesha njia yote, subiri dakika 15, tembea. Palipo na kidimbwi, laza rula. Pengo chini yake lisizidi milimita 4. Piga alama kwa rangi. Fanya hivyo kabla ya malipo ya mwisho.

Maji yakishatoka njiani yanakwenda wapi? Mvua kubwa ya hapa inaweza kushuka kwa kasi ya milimita 80 kwa saa. Juu ya lami peke yake, mita mraba 8,000, hiyo ni lita kama 178 kwa sekunde. Mtu akiishia hapo ataona kalavati la bomba la milimita 400 linatosha, kwa kuwa kwenye mteremko wa asilimia 1 linapitisha kama lita 200 likiwa safi. Lakini mvua hainyeshi juu ya lami tu. Hekta 5 nzima, hata kama ardhi inanywa zaidi ya nusu, huleta lita 440 na zaidi kwa sekunde. Bomba la 600 kwenye mteremko uleule hupitisha kama lita 600, na likijaa mchanga robo yake bado linafanya kazi. Tofauti ya bei kati ya mabomba hayo mawili ni ndogo sana ukiilinganisha na tabaka la lateriti lililolowa kutoka chini. Mitaro ya wazi, yenye kuta za mlalo na mawe ya kujengea kwenye kona zake, ni bora kuliko mabomba popote panapowezekana, maana mtu mwenye koleo anaweza kuisafisha mwezi wa Oktoba.

Jiwe lenyewe

Lami ya mbio haichakai kama ya barabara. Magurudumu laini ya karti hunata na kung'oa kokoto moja moja, na mahali pa kufunga breki lami husukumwa mbele mpaka ikafanya mikunjo. Kokoto ziwe za kusagwa, zenye pembe kali. Mawe ya chokaa, kama yale ya Kakontwe kule Likasi, yanashikana na bitumeni vizuri sana na ni mazuri kwa tabaka la chini, lakini juu yakisuguliwa hulainika na kung'aa. Baada ya muda kona inakuwa sabuni. Kwarzaiti, jiwe gumu sana, haing'ai, ila bitumeni haiipendi: maji yakiingia, gundi huachia jiwe. Kwa hiyo tabaka la juu tunatumia jiwe gumu na kuongeza chokaa ya unga asilimia 1 hadi 1.5, ili gundi ishike. Mtu akikuambia utumie mabaki meusi ya kuyeyushia shaba kwa sababu yamejaa mjini, kataa: yana metali ndani yake, kobalti na zinki miongoni mwake, na yana mwenyewe.

Kumwaga kwenyewe huenda haraka mambo yakiwa tayari. Lami hutoka kiwandani kwenye nyuzi 150 hadi 165, na ishindiliwe yote kabla haijashuka kufika nyuzi 90 hivi. Tabaka la sentimita 4 hupoa upesi. Asubuhi ya Julai, ardhi ikiwa na baridi ya usiku, unaweza kuwa na dakika 10 au 15 tu. Usikubali lori la kwanza limwagwe saa moja asubuhi mwezi huo.

Halafu kuna mshono. Mashine ikimwaga upana wa mita 4, njia ya mita 8 inapata mshono katikati, urefu wa kilomita nzima, na kwenye kona nyingi mshono huo unakatwa na mstari ambao madereva wote hupita. Ukingo wa kwanza ulipoa kabla wa pili haujafika, hivyo haukushindiliwa vizuri; hapo ndipo maji yataingia na kokoto zitatoka. Bora zaidi ni mashine mbili zinazofuatana kwa karibu, lami ya kwanza ikiwa bado moto. Kama mashine ni moja, ukingo uliopoa ukatwe wima sentimita 5 hadi 10, upakwe bitumeni, na mshono wa tabaka la juu usilale juu ya ule wa chini, bali upishane nao sentimita 15 au 20.

Baada ya hapo, subira. Wiki nne bila mbio, sita ni bora. Lami mpya ina mafuta juu, inateleza, na magurudumu yanayogeuzwa gari likiwa limesimama huikunja.

Kando ya njia

Ukingo wa kona wa zege, upana mita 1 na unene sentimita 15, kwa jumla ya mita 300, ni mita za ujazo 45. Kwa kilo 350 za simenti kila mita ya ujazo, ni mifuko 315 ya kilo 50.

Matairi ya kuzuia unaweza kuyapata kwa bei ndogo, lakini hesabu yake huwashangaza wateja. Tairi la gari dogo ni kama sentimita 60. Mita 100 ni minara 167, kila mnara matairi 5, yaani 835 kwa safu moja, na safu moja haitoshi mwisho wa sehemu iliyonyooka. Minara ifungwe kwa bolti, wima na kati yake. Minara iliyopangwa tu bila kufungwa hutawanyika ikigongwa, na tairi linaloruka ni hatari mpya. Upande unaotazama njia ufunikwe kwa mkanda wa mpira ili gurudumu la karti lisiingie kati ya matairi mawili. Huku kwetu mikanda chakavu ya kusafirishia mawe migodini inafaa kabisa, unene wa milimita 12. Toboa kila tairi matundu matatu au manne upande wa chini. Bila hivyo umefuga mbu mwaka mzima pembeni mwa watoto wanaokuja kuendesha.

Kitanda cha changarawe, kama utakiweka, kiwe na kina cha sentimita 25 na kokoto za mviringo za mtoni, milimita 5 hadi 16. Kokoto za kusagwa hujifunga zikawa kama sakafu, na gari huteleza juu yake badala ya kuzama.

Kelele hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Udongo uliotoa kwenye kuchimba, badala ya kuulipia usafiri, uinue kuwa tuta la mita 3 upande wa majirani. Eneo la karakana liwekwe pave (matofali ya kutandaza) za saruji, siyo lami, kwa sababu petroli inayomwagika huyeyusha bitumeni.

Kuhusu pikipiki za udongo: njia ya kilomita 1.5 yenye upana wa mita 7 haina lami, na gharama yake ni ya chini mno ukilinganisha. Mitaro inabaki ileile, na vumbi linataka lita 2 kwa mita mraba kila unapomwagia: lita 21,000, matangi mawili. Kisima chako kitoe kiasi hicho kabla hujaita washindani.

Kalenda na namna tunavyoanza

Mvua za hapa huanza kushika Novemba na kuachia Aprili. Kazi ya udongo ianze Mei, kokoto Agosti, lami Septemba hadi katikati ya Oktoba, joto likiwa juu na mawingu bado hayajafunga. Lateriti iliyobaki wazi mvua ya kwanza ikainyeshea hurudiwa, na kurudia ni kulipa mara mbili. Ukichelewa kupata bitumeni hadi Oktoba iishe, ni heri kufunika kokoto kwa bitumeni ya kupenyeza, kilo 1 kwa mita mraba, na mchanga juu, kisha usubiri Mei, kuliko kukimbizana na radi.

Kwa hiyo mteja anayetaka kukimbiza karti mwishoni mwa mwaka anatakiwa aje na karatasi zake mwanzoni mwa mwaka huohuo. Kitu cha kwanza tunachofanya si mchoro. Tunachimba mashimo, moja kila mita 100 kwenye mstari wa njia, kina cha mita 1.5 hadi 2, pamoja na shimo moja kwenye kila kichuguu, na kupeleka sampuli maabara. Tunayachimba Machi, ardhi ikiwa imeshiba maji, na kuyaacha wazi usiku kucha yakiwa yamezungushiwa uzio. Asubuhi tunapima maji yamesimama sentimita ngapi kutoka juu. Kipimo hicho ndicho kinachoandikwa kwenye mstari wa kwanza wa hesabu ya bei.